Maghala 497 juu ya kilima: kisa cha Huánuco Pampa na namna Wainka walivyoshika majimbo

Katika milima ya kati ya Peru, kwenye tambarare ya nyasi iliyo karibu mita 3,700 juu ya usawa wa bahari, yapo magofu ya mji wenye majengo yanayokaribia 4,000. Katikati yake kuna uwanja wa takriban mita 550 kwa 350. Kilima cha upande wa kusini kimepangwa maghala 497, safu juu ya safu. Lakini mji huo hauna ukuta wa ulinzi. Soko halijaonekana. Makaburi ni haba mno kwa mahali penye nyumba nyingi kiasi hicho. Kabla ya Wainka hapakuwa na mji hapo, na milki yao ilipovunjika wakazi waliondoka, wala hawakurudi.

Huánuco Pampa ni kisa kizuri kwa anayetaka kuelewa jinsi usanifu wa Wainka ulivyobeba upanuzi wa milki yao. Watu wengi wakitaja majengo ya Wainka hufikiria mawe makubwa ya Cusco yaliyobanana bila chokaa. Mawe hayo ni ya ajabu kweli, ila hayakutosha kushika jimbo lililo zaidi ya kilomita 600 kutoka mji mkuu. Jimbo lilishikwa kwa ghala lililojaa, mtungi uliojaa, na orodha ya zamu iliyojulikana na kila mkuu wa kijiji. Mji huu ulijengwa ili vitu hivyo vitatu vikutane mahali pamoja.

Mahali penyewe

Tawantinsuyu, kama Wainka walivyoiita milki yao, yaani sehemu nne zilizo pamoja, ilianza kupanuka kwa kasi chini ya Pachacuti katikati ya karne ya 15. Mwanawe, Topa Inca Yupanqui, alifika hadi Ecuador ya leo, na mjukuu, Huayna Capac, akaendeleza vita vya kaskazini. Wengi wa waliotekwa katika eneo la Huánuco walikuwa jamii za wakulima na wafugaji, kila moja na wakuu wake walioitwa kuraka, nao hawakuwa na mji mkuu wa kukaliwa na mtawala mgeni. Wachupaychu waliishi chini, upande wa mto Huallaga. Wayacha na Wahuamalí walikuwa majirani zao.

Wainka hawakujenga katika kijiji cha yeyote kati yao. Walichagua tambarare tupu iliyo kati ya jamii hizo, juu ya barabara kuu ya milimani iliyotoka Cusco kwenda Quito. Sababu zinaonekana wazi mtu akiitazama ramani. Kwanza, ardhi ni bapa na kubwa, jambo lisilo la kawaida katika milima ile, kwa hiyo msafara wa maelfu ya watu na llama, wanyama wa mizigo wa milima ile, ungeweza kupiga kambi bila kukanyaga mashamba ya mtu. Pili, pana malisho. Tatu, pana baridi, na hii nitaieleza kwenye maghala. Nne, mkuu wa jamii moja hakuweza kudai kwamba Inka, yaani mtawala mkuu wa milki, amekuja kukaa kwake. Wote walikuwa wageni pale, na mwenyeji alikuwa Inka peke yake.

Gharama ya uamuzi huo ilikuwa kubwa. Mahindi hayastawi kwenye mwinuko ule. Miti mirefu haioti. Karibu kila punje, kila boriti na kila mtu ilibidi apandishwe kutoka mabondeni, safari ya siku kadhaa. Mji wa namna hii hausimami wiki mbili bila watu wa kuupandishia vitu.

Hesabu ya Wachupaychu

Tunajua waliupandishia nani na kwa kiasi gani, kwa sababu ya khipu. Khipu ni nyuzi zinazoning'inia kwenye uzi mkuu, zenye mafundo yanayosomeka kwa makumi, mamia na maelfu. Utawala wenyewe ulihesabu hivyo hivyo: kaya 10 ni chunka, 100 ni pachaka, 1,000 ni waranqa, 10,000 ni hunu. Mwaka 1549 wakuu wa Wachupaychu waliwasomea wakaguzi wa Kihispania kazi walizompa Inka, na maneno yao yakaandikwa. Jumla yake ni 4,108, kiasi kinachokaribiana sana na waranqa nne.

Orodha hiyo inastahili kusomwa taratibu. Watu 120 walichimba dhahabu na 60 fedha. Watu 400 walipelekwa Cusco kujenga kuta, na 400 wengine wakapelekwa huko huko Cusco kulima ili watu wapate chakula. Wafumaji wa kitambaa bora, qumpi, walikuwa 400. Wachungaji 240. Walioshughulikia manyoya ya ndege 120, warina asali 60, watengeneza rangi 40, wachimba chumvi 50, wakulima wa koka 60, wakulima wa pilipili 40, walinzi wa mashamba ya mahindi 40. Wawindaji wa swala wa kifalme 40, watengeneza soli za viatu 40, maseremala 40, wafinyanzi 40. Kambi ya jeshi ya Chachapoyas ilipata 200, ya Quito 200. Waliomtumikia Huayna Capac 150, waliolinda maiti ya Topa Inca 150, walinzi wa silaha zake 10, walinzi wa maiti ya Huayna Capac 20. Askari na wabeba machela 500, na 500 zaidi wa kulima mashamba ya Inka. Wabeba mizigo wa tampu, yaani vituo vya barabarani, 80. Walinzi wa wanawake wa Inka 40. Na walinzi wa Huánuco Pampa yenyewe: 68.

Idadi hiyo ya 68 inamaliza ubishi wa kama mji huu ulikuwa ngome. Jamii moja kubwa ya jirani ilitoa walinzi 68 kwa mji wa majengo karibu 4,000, huku ikipeleka askari 400 kwenye mipaka ya mbali, Quito na Chachapoyas. Waliotekwa jana walikuwa ndio askari wa mpaka wa leo.

Tazama pia 400 wa kuta na 400 wa mashamba ya Cusco. Kwa kila mtu mmoja aliyenyanyua jiwe, mwingine alikuwa na jembe la mguu shambani. Anayetaka kukadiria gharama ya ukuta wa Wainka aanze hapo, kwa chakula, kabla hajafika kwenye jiwe. Karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu ya jamii hii iliishia katika uashi wa mji ambao wengi wao wasingeuona kamwe, na sehemu nyingine sawa na hiyo ikaishia katika kuwalisha wafanyakazi huko.

Zamu hiyo iliitwa mit'a. Msomaji wa Tanzania atakumbuka msaragambo, na kuna kufanana: kazi inaitwa kwa kijiji, si kwa mtu mmoja mmoja, na mkuu ndiye anayegawa nani aende. Tofauti ni ukubwa wake, na kanuni moja ambayo Wainka waliishika kwa dhati: aliyeita kazi alipaswa kulisha na kunywesha. Jamii ilitoa jasho, serikali ikatoa chakula, pombe na nguo. Kazi bila karamu ingekuwa uporaji machoni pa wote, na Wainka walilijua hilo.

Maghala

Ndiyo maana kilima cha kusini kilijengwa kwa uangalifu kuliko nyumba nyingi za mji. Qollqa, yaani maghala, yamefuata mkunjo wa kilima kwa safu, yakiachana kwa nafasi. Nafasi hiyo ina kazi mbili: upepo upite, na moto ukiwaka kwenye paa moja la nyasi usirukie la pili kwa urahisi. Kilima chenyewe kinainua shehena juu ya unyevu wa tambarare, na kinaonekana kutoka karibu kila pembe ya mji. Mgeni aliyefika kwa barabara aliuona utajiri wa Inka kabla hajauona uso wa ofisa yeyote.

Ujazo wa maghala yote umekadiriwa kuwa hadi mita za ujazo 37,900, wastani wa takriban 76 kwa ghala. Mwanaakiolojia Craig Morris, aliyeyachimba, aligundua mgawanyo wa maumbo. Yale ya duara yalihifadhi zaidi mahindi yaliyopukuchuliwa, ndani ya mitungi mikubwa. Yale ya mstatili yalihifadhi viazi na mizizi mingine, ikiwa imetandazwa kati ya matabaka ya nyasi na kufungwa kwa kamba kama marobota. Baadhi ya sakafu zilikuwa za mawe, na chini yake michirizi ya kupitisha hewa na maji.

Kila kipengele hapo kinajibu tatizo fulani. Kiazi kikipata joto huchipua. Kikipata unyevu huoza, na kimoja kilichooza huambukiza jirani zake. Kikipata mwanga huwa cha kijani na kichungu. Kwa hiyo ghala la mstatili lina giza, hewa baridi inayopita chini, na nyasi zinazonyonya unyevu na kutenganisha robota na robota. Baridi ya tambarare ile, ambayo ni adha kwa mkazi, ni jokofu la bure kwa mtunza ghala. Mahindi adui zake ni ukungu na wadudu. Mtungi uliofunikwa vizuri ndani ya chumba kikavu unawazuia wote wawili, na mtungi mmoja ukiharibika haugusi mwingine.

Kulikuwa pia na chuño, kiazi kilichokaushwa kwa barafu. Viazi hutandazwa nje usiku wa baridi kali vigande, asubuhi vikiyeyuka hukanyagwa kwa miguu maji yatoke, kisha hukaushwa juani, na kazi hii hurudiwa kwa siku kadhaa. Kinachobaki ni chepesi, kigumu, na hukaa miaka bila kuoza. Jeshi linalotembea halibebi viazi vibichi ambavyo sehemu kubwa ya uzito wake ni maji.

Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba mahindi yalichukua sehemu ndogo tu ya nafasi, kati ya asilimia 5 na 7 kwa makadirio ya Morris, ilhali mizizi ilichukua zaidi ya nusu. Ukipiga hesabu ya usafiri, mshangao unapungua. Mita moja ya ujazo ya punje za mahindi ina uzito wa karibu kilo 700. Llama mmoja hubeba takriban kilo 30, akizidishiwa hulala chini na kukataa kuondoka. Basi mita moja tu ya ujazo inahitaji llama zaidi ya 20, nao wapande kutoka bondeni. Viazi vinalimwa kwenye miteremko ya juu, karibu na mji. Mahindi yalipandishwa kwa sababu moja kubwa, nayo ilikuwa pombe.

Uwanja, kumbi na mitungi

Katikati ya uwanja limesimama jukwaa la mawe, usnu, lenye takriban mita 32 kwa 48 na ngazi za kupandia. Hapo ndipo mwakilishi wa Inka alikaa, akapokea na kumimina pombe kwa ajili ya jua na ardhi. Upande wa mashariki wa uwanja kuna kumbi ndefu, kallanka, zenye urefu wa zaidi ya mita 70 na milango mingi inayofunguka uwanjani. Kati yake yanapita malango mfululizo yenye vizingiti vya mawe yaliyochongwa, baadhi yakiwa na sanamu za puma, hadi kwenye makao ya kifalme.

Kazi ya kallanka inasomeka katika umbo lake. Ni chumba kimoja kisicho na vyumba vya ndani. Mvua ikinyesha, waliokuwa uwanjani wanaingia. Usiku, wapita njia wanalala humo. Ugumu wake ni paa. Upana mkubwa bila nguzo unadai boriti ambazo tambarare ile haioteshi, kwa hiyo mjenzi aliweka nguzo za mbao ndani ili kila boriti ivuke nafasi fupi zaidi. Juu yake ikaja fremu ya miti iliyofungwa kwa kamba, kisha nyasi za ichu zilizopangwa kwa unene. Mwinuko wa paa ni mkali makusudi: nyasi zilizolala huloweka maji, nyasi zilizosimama huyatiririsha.

Kuta nyingi za mji ni pirka, mawe ya kuokotwa yaliyojengwa kwa udongo, nyuso mbili zenye kifusi katikati. Mawe yaliyochongwa kwa ustadi yamewekwa mahali pachache tu: usnu, malango, majengo ya upande wa kifalme. Huu ndio uchumi wa usanifu wa Wainka majimboni, na mimi nauona kuwa sehemu ya akili zaidi ya mradi mzima. Kuchonga jiwe hakukuhitaji chuma, kulihitaji muda. Mwashi alitumia nyundo za mawe magumu ya mviringo: nzito ya kilo kadhaa kwa kupunguza uso, kisha ndogo ya gramu mia kadhaa kwa kingo, akipiga kwa mshazari ili ukingo usibanduke. Jiwe la juu lilipimwa juu ya la chini, na la chini likachimbwa kidogo kidogo hadi lilipokee la juu. Msanifu Jean-Pierre Protzen alijaribu mbinu hii mwenyewe, akasawazisha nyuso tatu za jiwe la andesaiti la takriban sentimita 25 kwa 25 kwa 30 ndani ya dakika 90 hivi. Kwa jiwe moja si mbaya. Kwa mji wa majengo 4,000 ni jambo lisilowezekana, na Wainka hawakulijaribu. Waliweka mawe bora pale ambapo macho ya wakuu wa jamii yangetua siku ya sherehe, kwingine wakajenga kwa udongo.

Kaskazini mwa uwanja kuna boma lenye majengo 50 hivi yaliyofanana, limezungushiwa ukuta na lina mlango mmoja. Humo zilipatikana vigae vingi vya mitungi na vifaa vya kusokotea nyuzi. Hii ilikuwa aqllawasi, nyumba ya wanawake waliochaguliwa wakiwa wasichana kutoka majimboni, wakawekwa kufuma na kupika pombe ya mahindi kwa ajili ya serikali. Wale walinzi 40 wa wanawake kwenye orodha ya Wachupaychu wanaonyesha kwamba mlango huo haukuachwa wazi. Wasichana hawa waliondolewa makwao, na sherehe za uwanjani zilisimama juu ya kazi yao.

Kwa nini pombe ipikwe hapo hapo na isiletwe kutoka vijijini? Jibu limo ndani ya pombe yenyewe. Mahindi hulowekwa, huoteshwa hadi kuwa kimea, hukaushwa, husagwa, huchemshwa kwa saa nyingi, huchujwa, kisha huachwa mtungini siku chache yachachuke. Baada ya kama wiki moja huwa siki. Haihifadhiki ghalani wala haisafirishiki mbali milimani. Kwa hiyo ilibidi kimea, mitungi, moto na mikono viwe hatua chache kutoka uwanjani, na kazi ipangwe kwa kurudi nyuma kutoka siku ya karamu. Kosa la siku tatu lingewaacha maelfu ya watu wa zamu na vikombe vitupu, na mwenyeji akiwa amevunja ahadi yake mbele ya wakuu wote.

Vigae vya mji vinathibitisha nani alikuwa mwenyeji. Karibu vyote ni vya mtindo wa serikali ya Inka, na vya mitindo ya vijiji jirani ni vichache. Watu walikuja, wakala na kunywa katika vyombo vya Inka, wakarudi kwao. Humo vijijini, kinyume chake, vyombo vya Inka ni adimu. Utawala huu ulikuwa mzito mjini na mwepesi vijijini, kwa sababu kila aliyetawaliwa alipandishwa mjini kwa zamu.

Mji ulivyokatika

Mwandishi wa Kihispania Pedro Cieza de León aliandika kwamba zaidi ya watu 30,000 walilitumikia hekalu la hapo. Namba hiyo haimaanishi wakazi. Inaeleweka vizuri zaidi kama idadi ya walioitwa kwa zamu kutoka jimbo zima.

Novemba 1532 Wahispania walimkamata Inka Atahualpa huko Cajamarca, na mwaka uliofuata Hernando Pizarro, mmoja wa makapteni wao, akapita na wapanda farasi wake kwenye barabara hiyo hiyo. Baadhi ya majengo ya upande wa mashariki yalikuwa bado hayajakamilika. Tarehe 15 Agosti 1539 Gómez de Alvarado alianzisha mji wa Kihispania hapo hapo, na nyumba zikaanza kujengwa ndani ya uwanja mkuu. Haukudumu. Baridi, umbali kutoka kwenye mashamba na upinzani wa Illa Tupac, jemadari wa Kiinka, uliwasukuma wakoloni bondeni, kwenye mto Huallaga, ulipo mji wa Huánuco wa leo.

Mhispania alikuta barabara, kumbi, maghala na uwanja, lakini hakuwa na zamu. Kazi ya Wachupaychu sasa ilidaiwa na bwana mkoloni kule kule walikoishi, bila karamu na bila nguo. Hapakuwa tena na sababu ya mtu kupanda siku kadhaa hadi tambarare ya barafu. Mwaka 1562 mkaguzi Iñigo Ortiz de Zúñiga alipopita kuhesabu kaya za Wachupaychu nyumba kwa nyumba, aliwakuta katika vijiji vyao.

Paa la nyasi lisipoezekwa upya huoza. Likishaanguka, mvua huingia kwenye kichwa cha ukuta wa pirka, udongo unaoshika mawe hutoka polepole, na uso mmoja wa ukuta huporomoka kabla ya mwingine. Ndivyo sehemu kubwa ya mji ilivyokwenda. Usnu na malango ya mawe yaliyochongwa yamebaki wima, kwa kuwa hayakuwa na udongo wa kuoshwa. Kwenye kilima, maghala mengi yalipochimbwa yalikuwa matupu. Machache yalikuwa yameungua na shehena ndani, na moto huo ndio uliokausha punje, viazi na kamba za nyasi kuwa makaa yasiyooza. Tunayoyajua leo juu ya kilichokaa katika ghala la duara na lile la mstatili yametoka katika makaa hayo.